Oili Sahihi ya Mashine ya Boti: Somo la Kusoma Kopo Kabla ya Kulipa

Utangulizi

Jina la Kwamsisi lipo Handeni na lipo Korogwe, na kote kuwili si ufukweni mwa bahari. Msomaji wa huko ana haki ya kuuliza: somo la oili ya mashine ya boti lanihusu nini mimi ninayelima mahindi na kupanda pikipiki?

Tunalo jibu lenye sehemu tatu. Kwanza, katika duka la vipuri, oili ya pikipiki, ya msumeno wa mnyororo, ya pampu ya kumwagilia na ya mashine ya boti huweza kukaa rafu moja, katika makopo yanayofanana kwa umbo na kwa rangi. Anayekosea kuchagua huku bara hukosea kwa njia ileile anayokosea mvuvi wa pwani. Pili, ndugu wa bara huagizwa vitu na ndugu wa pwani. Anayepita dukani Korogwe akiwa njiani kwenda Pangani, Kipumbwi au Mkwaja anaweza kubebeshwa kopo la oili ambalo usalama wa watu baharini utalitegemea. Tatu, hakuna injini ndogo inayofundisha kanuni ya oili kwa uwazi kuliko mashine ya boti. Aliyeielewa hiyo ameelewa na nyingine zote za nyumbani kwake.

Kwa sababu hiyo tumeandaa somo hili kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida, asiye fundi. Akilimaliza, tunatarajia awe na uwezo wa kushika kopo lolote la oili, asome alama zilizoandikwa juu yake, na aamue mwenyewe kama linafaa injini yake au halifai.

Maswali mawili yanayoamua kila kitu

Watumiaji wengi huchagua oili kwa bei, kwa rangi, au kwa kuitazama uzito wake inapomiminwa. Vigezo hivyo vitatu haviamui jambo. Rangi ni dawa iliyotiwa na mtengenezaji, iwe nyekundu, buluu au kijani, ili mtumiaji aone kwa macho kuwa petroli yake imekwisha kuchanganywa. Haina habari yoyote kuhusu ubora. Uzito nao hutofautiana kwa makusudi kati ya oili za kazi tofauti, na iliyo nzito zaidi si lazima iwe iliyo bora zaidi.

Oili huchaguliwa kwa kujibu maswali mawili:

1. Je, katika injini hii oili huungua pamoja na petroli, au hubaki ndani ya injini na kuzunguka?
2. Je, injini hii hupozwa na maji, au hupozwa na hewa?

Tuyachukue moja baada ya jingine.

Swali la kwanza: oili inaungua au inabaki?

Injini ndogo za petroli ni za aina mbili. Ya kwanza ni injini ya mapigo mawili. Katika injini hii pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja, na kila kranki inapokamilisha mzunguko mmoja, petroli huwaka mara moja. Haina bakuli la oili chini yake. Oili huchanganywa na petroli, hupita pamoja nayo kwenye chumba cha kranki, hulainisha beringi, pistoni na ukuta wa silinda, kisha huingia kwenye moto na kuungua. Oili iliyolainisha dakika hii imekwisha kutoka na moshi dakika inayofuata, na nyingine mpya huchukua nafasi yake. Ndiyo maana injini hii haina siku ya kumwaga oili, na ndiyo maana petroli tupu isiyochanganywa huiua kwa muda mfupi sana.

Aina ya pili ni injini ya mapigo manne. Hii huwasha petroli mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Oili yake hukaa kwenye bakuli chini ya injini, huzungushwa sehemu zote zinazosuguana, kisha hurudi bakulini. Haikusudiwi kuungua. Huchafuka taratibu, hupoteza nguvu, na baada ya saa au kilomita zilizoandikwa kitabuni humwagwa na kuwekwa mpya.

Kutambua aina ya injini si kazi ngumu. Itazame vizuri. Ikiwa chini kwenye mwili wa injini kuna kifuniko cha kutilia oili chenye kijiti cha kupimia, hiyo ni ya mapigo manne. Ikiwa hakuna kifuniko hicho, na kitabu kinaagiza petroli ichanganywe na oili, hiyo ni ya mapigo mawili. Zipo pia mashine za boti za mapigo mawili zenye tangi dogo la pekee la oili, ambazo hujichanganyia zenyewe. Hizo hazitiwi oili kwenye tangi la petroli isipokuwa pale kitabu kinapoagiza hivyo, kwa mfano siku za mwanzo za injini mpya.

Kutokana na tofauti hii tunapata onyo la kwanza. Oili ya mapigo manne ikichanganywa na petroli haiungui vizuri, kwa kuwa ina viambato vya metali vilivyowekwa ili viishi muda mrefu bakulini. Vikiungua huacha majivu juu ya pistoni na kwenye plagi. Na oili ya mapigo mawili ikimiminwa kwenye bakuli la pikipiki ya mapigo manne, itashindwa kubeba mzigo wa beringi, kwa kuwa ilitengenezwa kuwa nyepesi ili ichanganyike na petroli upesi.

Swali la pili: maji au hewa?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu kopo likiandikwa tu kuwa ni la mapigo mawili, mnunuzi hudhani limetosha.

Mashine ya boti huvuta maji ya bahari, ya mto au ya ziwa kutoka chini, huyapitisha kuzunguka silinda, kisha huyatoa. Kijito kinachorushwa nyuma ya mashine ikiwa inanguruma ndicho ushahidi kuwa maji yanapita. Silinda yake kwa hiyo hubaki na joto la chini kuliko silinda ya msumeno wa mnyororo, ambao hupozwa na upepo tu. Wakati huohuo, mashine ya boti hufanya kazi ngumu bila mapumziko. Pikipiki hupanda mlima kisha ikashuka, na mwendeshaji huachia moto. Mashine ya boti haina mteremko, husukuma maji kutoka ufukweni hadi kwenye uvuvi, mara nyingi moto ukiwa umefunguliwa wote, ikizunguka karibu mara 5,000 kwa dakika.

Hali hizo mbili, joto dogo la silinda na mzigo usiokatika, zinadai oili isiyoacha majivu. Majivu yakijikusanya juu ya pistoni huwa kama kaa la moto lisilozimika. Huwasha petroli kabla ya wakati wake, pistoni hupigwa ikiwa bado inapanda, na mwisho huweza kutoboka. Vilevile majivu yakiziba ncha ya plagi, mashine hukosa moto na kuzimika. Mashine hukaa pia kwenye unyevu na chumvi, kwa hiyo oili yake hutengenezwa iwe na kinga ya kutu.

Msumeno wa mnyororo unadai kinyume chake. Joto lake ni kali, na oili yake inahitaji viambato vya kusafisha ambavyo vitazuia ringi za pistoni zisigande. Oili ya boti ikitiwa kwenye msumeno inaweza kushindwa na joto hilo, na ringi zikaganda. Oili ya msumeno ikitiwa kwenye boti inaweza kuacha majivu tuliyoyaeleza. Zote mbili ni nzuri, kila moja mahali pake.

Alama za kutafuta kwenye kopo

Majibu ya maswali mawili yakikutana, tunapata makundi manne ya injini, na kila kundi lina alama yake. Alama hizi huandikwa kwa herufi za Kirumi katika nchi zote, kwa hiyo mtumiaji hahitaji kujua lugha ya kigeni ili azitambue.

*Oili inaungua, injini inapozwa na maji.* Hii ni mashine ya boti ya mapigo mawili. Tafuta alama ya TC-W3. Alama hii hutolewa na chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, kiitwacho NMMA kwa kifupi, na oili iliyosajiliwa huwa na namba inayoanza na herufi RL. Ni alama ya maji ya chumvi na ya maji baridi pia, hivyo mvuvi wa Pangani na wa Ziwa Victoria hutafuta herufi zilezile.

*Oili inaungua, injini inapozwa na hewa.* Hii ni misumeno ya mnyororo na baadhi ya pampu ndogo. Tafuta JASO FC au JASO FD, alama za viwango vya Japani. FC ni ya moshi mdogo, na FD huongeza nguvu ya kusafisha.

*Oili inabaki, injini inapozwa na maji.* Hii ni mashine ya boti ya mapigo manne. Tafuta FC-W, pia ya NMMA, pamoja na namba ya uzito iliyotajwa kitabuni, kwa mfano 10W-30 au 10W-40. Tunaomba msomaji asichanganye FC-W na JASO FC. Herufi zinakaribiana, kazi zinatofautiana kabisa: ya kwanza hukaa bakulini, ya pili huungua na petroli.

*Oili inabaki, injini inapozwa na hewa.* Hizi ni pikipiki nyingi za bodaboda na pampu nyingi za kumwagilia. Kwa pikipiki ya gia za mguu, tafuta JASO MA, MA1 au MA2. Klachi ya pikipiki hizi huogelea ndani ya oili ileile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano, navyo huifanya klachi iteleze, hivyo injini hulia kwa nguvu na pikipiki haipandi mlima. Pampu haina klachi ya namna hiyo, kwa hiyo hutumia oili ya mapigo manne yenye uzito uliotajwa kitabuni.

Juu ya alama hizi zote kuna kauli moja kubwa zaidi, nayo ni ya kitabu cha injini. Kitabu kikitaja alama nyingine, kifuatwe kitabu. Kama kitabu kimepotea, muuzaji au wakala wa injini hiyo aombwe nakala.

Kupima mchanganyiko

Oili sahihi iliyopimwa vibaya huharibu sawa na oili isiyo sahihi. Ikipungua, pistoni husuguana na silinda na huweza kukwama. Ikizidi, mashine hutoa moshi mzito, plagi hulowa, na masizi hujaa kwenye njia ya moshi.

Mashine nyingi za boti za mapigo mawili zilizo katika matumizi huagizwa kipimo cha 50 kwa 1, maana yake sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Injini mpya katika saa zake za mwanzo mara nyingi huagizwa 25 kwa 1. Zipo zinazoagizwa 100 kwa 1. Hesabu ni hizi:

- Petroli lita 5: kwa 50 kwa 1, oili mililita 100, kwa 25 kwa 1, mililita 200.
- Petroli lita 10: kwa 50 kwa 1, mililita 200, kwa 25 kwa 1, mililita 400.
- Petroli lita 20: kwa 50 kwa 1, mililita 400, kwa 25 kwa 1, mililita 800.
- Petroli lita 25: kwa 50 kwa 1, mililita 500, kwa 25 kwa 1, lita 1 kamili.

Kwa mashine ya 100 kwa 1, chukua nusu ya kipimo cha 50 kwa 1.

Tunashauri mtumiaji anunue kikombe cha plastiki chenye alama za mililita, akitenge kwa kazi hiyo peke yake. Kipimo cha kifuniko, cha kukisia kwa jicho, au cha kuhesabu miminiko hakiaminiki, kwa kuwa vifuniko havilingani na mikono hailingani. Oili na petroli zisiwekwe kamwe kwenye chupa za maji au za soda. Mtoto mwenye kiu hasomi, huona chupa.

Namna ya kuchanganya ni hii. Tia nusu ya petroli kwenye dumu safi na kavu. Ongeza oili yote uliyoipima. Funga, tikisa vizuri. Malizia petroli iliyobaki, funga, tikisa tena. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko, sigara na injini inayonguruma. Changanya kiasi cha safari za karibuni, kwa kuwa mchanganyiko uliokaa muda mrefu huharibika. Ukikaa siku kadhaa, dumu litikiswe kabla ya kutumika.

Oili ya gia isisahauliwe

Chini ya mashine ya boti, mbele ya propela, kuna sanduku la gia. Lina oili yake yenyewe, nzito, isiyohusiana kabisa na ile inayochanganywa na petroli. Kwa mashine nyingi hubadilishwa kila baada ya saa 100 za kazi, na mapema zaidi mara ya kwanza injini ikiwa mpya.

Oili hiyo ni mpiga ramli wa kuaminika. Fungua kidogo kizibo cha chini na utazame kinachotoka. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia kupitia sili iliyochakaa. Ikiwa ina chembe za chuma zinazoonekana, meno ya gia yanalika. Katika hali hizo mbili mashine ipelekwe kwa fundi kabla ya safari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya sili haifanani na gharama ya sanduku zima la gia. Wakati wa kujaza, oili huingizwa kwa tundu la chini mpaka itokee tundu la juu, ili hewa isibaki ndani.

Hesabu ya bei

Tunafahamu kuwa oili yenye alama kamili huwa na bei ya juu. Tuifanye hesabu kwa mfano. Tuseme tofauti ni shilingi 5,000 kwa lita. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita moja ya oili hutumika na lita 50 za petroli. Kwa hiyo tofauti hiyo ni shilingi 100 kwa kila lita ya petroli. Boti inayotumia lita 25 kwa safari itakuwa imeokoa shilingi 2,500 kwa kununua oili hafifu.

Upande wa pili wa mizani una pistoni, ringi, silinda na ujira wa fundi. Una siku ambazo boti imelala mchangani na wavuvi wake hawana kitoweo cha kupeleka nyumbani. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi na vikundi vyao boti na injini, na mkopo hauachi kudai kwa sababu mashine imekufa. Zito kuliko hayo yote ni maisha. Pikipiki ikizimika kati ya Handeni na Korogwe, mwendeshaji hushuka akaisukuma. Mashine ikizimika nje ya mwamba wakati wa kusi, chombo huchukuliwa na upepo na mkondo, na waliomo hawana mahali pa kushuka. Kwa ajili hiyo twasisitiza kwamba hata mwenye oili bora kabisa asitoke bila makasia au tanga, maboya ya kuokolea, na taarifa aliyoiacha ufukweni ya anakokwenda.

Wakati wa kununua

Mtumiaji aliye mbele ya kaunta azingatie mambo yafuatayo:

1. Taja injini kwanza, kisha uulize oili. Sema: "Nataka oili ya mashine ya boti ya mapigo mawili, yenye alama ya TC-W3." Kuuliza si ujinga, na muuzaji mwema hatachoka kukuonyesha kopo.
2. Soma kopo mwenyewe. Alama iwe imechapishwa, si kauli ya mdomo. Angalia jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) pale inapohusika.
3. Kagua lakiri. Kifuniko kilichokwisha kufunguliwa, karatasi iliyobandikwa upya, au maandishi yenye makosa ya herufi ni sababu ya kutosha ya kuacha.
4. Epuka oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa isiyo na jina. Oili chakavu iliyochujwa huweza kupendeza machoni kama mpya.
5. Dai risiti ya mashine ya EFD. Bila risiti, malalamiko yako hayana mguu wa kusimamia.
6. Kopo likiisha, litoboe kabla ya kulitupa, lisije likajazwa bidhaa bandia na kurudi sokoni.

Petroli nayo inunuliwe kituoni. Tangu mwaka 2010 mafuta ya soko la ndani yamekuwa yakiwekwa vinasaba ili kudhibiti uchakachuaji, na hakuna oili iwezayo kuponya petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa.

Dalili za kuangalia

Mashine husema kabla ya kufa. Moshi mzito usiokwisha hata injini ikipata moto huashiria oili nyingi au isiyofaa. Plagi iliyolowa na kuwa nyeusi huashiria hivyohivyo. Plagi yenye ganda la majivu huashiria oili isiyo ya mashine hiyo. Mlio wa kugonga, nguvu inayopungua ghafla, na kamba ya kuwashia inayokuwa ngumu kuvuta huashiria joto kupita kiasi au upungufu wa oili. Na kijito cha maji kikikoma, zima mashine papo hapo. Tatizo hilo ni la maji, na kuongeza oili hakutasaidia.

Haki yako unapouziwa isiyofaa

Mtumiaji aliyeuziwa oili isiyolingana na maandishi ya kopo lake ana ulinzi wa sheria. Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 inaipa TBS mamlaka juu ya ubora wa bidhaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humlinda mlaji dhidi ya udanganyifu, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 hukataza bidhaa bandia. Hizo mbili husimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Biashara ya mafuta hudhibitiwa na EWURA, chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015.

Anza kwa kurudi dukani na risiti. Usipopata suluhu, andika malalamiko ukieleza tarehe, duka, jina la bidhaa na namba ya toleo, na uambatanishe nakala ya risiti. Usitupe kopo wala oili iliyobaki ndani yake. Hiyo ndiyo sampuli itakayopimwa, na bila hiyo malalamiko hubaki neno la mmoja dhidi ya mwingine. Katika hali hii pekee, kopo lisitobolewe.

Oili chakavu iende wapi?

Mto Pangani hupita Korogwe kabla ya kufika baharini kwenye mji wenye jina hilohilo. Oili ya pikipiki inayomwagwa mtaroni huku juu husombwa na mvua, na safari yake huelekea kwenye maji yaleyale anayotegemea mvuvi. Imwagwe kwenye dumu lenye kifuniko, na ikusanywe kwa fundi au gereji inayoikabidhi kwa wakusanyaji wenye kibali. Isimwagwe chooni, shambani wala kisimani.

Maswali ya kujipima

1. Juma anataka kutumia oili ya pikipiki ya JASO MA kuchanganyia petroli ya mashine ya boti ya mapigo mawili. Je, ni sahihi?
2. Dumu lina petroli lita 20, na kitabu kinaagiza 50 kwa 1. Oili itakuwa kiasi gani?
3. Kopo limeandikwa JASO FD. Je, linafaa msumeno wa mnyororo? Linafaa mashine ya boti?
4. Oili ya sanduku la gia imetoka na rangi ya maziwa. Kimetokea nini?

*Majibu.* La kwanza: si sahihi. Oili hiyo ni ya kubaki bakulini, ikiungua huacha majivu. La pili: mililita 400. La tatu: msumeno ndiyo. Boti hapana, boti ya mapigo mawili hutaka TC-W3. La nne: maji yameingia, sili ikaguliwe kabla ya kwenda majini.

Aliyepata majibu yote manne anaweza sasa kuagizwa oili na ndugu yake wa Pangani na kuifikisha iliyo sahihi. Aliyekosa moja arudie sehemu inayohusika, kisha akalisome kopo lililopo nyumbani kwake kabla hajaitia oili iliyobaki ndani yake kwenye injini yoyote.